Karata 21 kwenye simu: maelezo ya aliyekuwa mgawaji

Nimegawa karata miaka minne kwenye kasino moja ya Dar es Salaam, zamu ya usiku. Tangu niache kazi ile, mdogo wangu kahamia kwenye kasino za simu, na kila mwisho wa mwezi ananipigia: "Dada, nina 16, nifanyeje?" Leo naandika yote, asome mwenyewe.

Blakijeki, yaani karata 21, si mbio za kufika 21. Unatakiwa kumzidi mgawaji bila kuvuka 21, basi. Hata mwenye 13 anashinda kama mgawaji amevuka. Karata za namba zinahesabiwa kama zilivyo, J, Q na K kila moja ni 10, na ree, ile A, ni 1 au 11, kwa namna itakayokufaa. Ukishaweka dau unapewa karata mbili. Mgawaji naye anaonyesha moja. Kitufe cha Hit ni kuongeza karata, Stand ni kutulia. Ukivuka umeliwa papo hapo, hata kama mgawaji naye atavuka baadaye. Faida ya kasino inatoka hapo. Mgawaji hana hiari: chini ya 17 lazima aongeze, akifika 17 anasimama. Wateja walikuwa wakinikonyeza nisivute karata! Ningevuta hata angekaa mama yangu.

Kabla ya kuweka hata shilingi, fungua kanuni za meza utafute malipo ya blakijeki yenyewe, yaani ree na karata ya 10 kwa mkupuo wa kwanza. Meza nzuri hulipa 3 kwa 2: dau la 1,000 linakupa faida ya 1,500. Meza ya 6 kwa 5 inakupa 1,200. Hiyo ya pili achana nayo, hata ikiwa na rangi za kuvutia namna gani.

Sasa ile 16. Usiangalie karata zako tu, angalia ya mgawaji. Akionyesha 4, 5 au 6 yuko pabaya. Akiwa na 6 huvuka karibu mara 4 katika kila 10. Hapo ukiwa na 12 hadi 16 tulia, mwache ajichome mwenyewe. Akionyesha 2 au 3, tulia kuanzia 13. Ile 12 iongeze. Akionyesha 7 na kuendelea, ongeza mpaka ufike 17, moyo udunde usidunde. Mdogo wangu hapa ndipo anapoliwa: anaogopa kuvuka, anatulia na 15 mbele ya K, halafu analalamika mtandao una mkosi.

Ukipata 11, bonyeza Double: dau linakuwa maradufu na unapewa karata moja tu. Hata 10 ifanyie hivyo, ila si mbele ya 10 au ree. Ree mbili na 8 mbili zigawanye kwa Split, ziwe seti mbili, kila moja na dau lake. 10 mbili usiziguse, hiyo ni 20 tayari.

Mgawaji akionyesha ree utaulizwa kama unataka bima, yaani dau la pembeni kwamba ana blakijeki. Kataa. Inalipa 2 kwa 1, kwa hiyo ingehitaji karata yake iliyofunikwa iwe ya 10 walau mara moja katika tatu. Kwenye pakiti ya karata 52, za 10 ni 16 tu. Haifiki.

Ukicheza hivi kwenye meza yenye kanuni nzuri, kasino inabaki na kama nusu shilingi katika kila 100 unazoweka. Bado ni yao. Na usipoteze muda kukariri karata zilizopita: kwenye michezo ya kompyuta karata huchangwa upya kila raundi. Tatizo la simu ni kasi. Meza yangu ikijaa watu saba, tulikuwa tukienda taratibu, mmoja anawasha sigara, mwingine anaomba soda. Peke yako na simu unamaliza raundi mia kadhaa kwa saa. Anza na mchezo wa majaribio usio na pesa, kisha weka dau dogo ambalo salio lako linaweza kulibeba mara 50.

Hakikisha pia kampuni ina leseni. Kwa Tanzania ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na uwe umetimiza miaka 18.

Halafu kuna bonasi. Unapewa 10,000 ya bure, lakini masharti yanasema uizungushe mara 30, yaani dau zako zifike jumla ya mara 30 ya bonasi, na blakijeki inahesabiwa asilimia 10 tu: dau la 1,000 linahesabiwa 100. Piga hesabu: ni dau za shilingi 3,000,000 kabla hujaitoa. Mdogo wangu aliipokea Jumamosi. Jumapili asubuhi alinipigia kuomba nauli.