Printa ya picha ichague kwa kuangalia uso

Nina studio ndogo Busia, upande wa Uganda, na wengi huniuliza wanunue printa gani. Mimi hupitia hatua hizi.

1. Amua utachapa nini. Kama ni picha za pasipoti na za sentimita 10 kwa 15 tu, printa ndogo ya utepe wa rangi kama Canon SELPHY inatosha. Hupitisha karatasi mara nne: njano, majenta (nyekundu ya zambarau), siani (buluu ya kijani), kisha tabaka la kinga, na picha hutoka kavu. Karatasi na utepe huuzwa pamoja, hivyo gharama ya kila picha unaijua mapema. Ukitaka A4 za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), tafuta printa ya wino yenye matangi. Printa ya leza ni ya barua na risiti. Joto lake linaweza kuyeyusha karatasi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya printa ya wino.

2. Hesabu rangi za wino. Nne zinatosha kwa kazi za kawaida. Zenye sita, kama Epson L8050, huongeza siani hafifu na majenta hafifu. Tofauti iko pale mwanga unapogonga paji la uso: ya rangi nne huweza kuonyesha vidoti, ya sita hulainisha.

3. Nenda dukani na picha yako kwenye flashi. Hapa usikubali kuharakishwa. Sampuli ya maua wanayokuonyesha haisemi lolote kuhusu wateja wako. Beba picha ya mtu mweusi tii mwenye suti nyeusi, kando yake mama mwenye gomesi (gauni refu la heshima la Uganda) ya njano. Kwa 10 kwa 15 iwe na pikseli 1200 kwa 1800 au zaidi, la sivyo utailaumu printa kwa kosa la simu. Ikitoka, ipeleke mlangoni uitazame kwa mwanga wa mchana. Je, kola ya koti inaonekana ndani ya ule weusi? Ngozi ina uhai, au imekuwa kijivu? Mama aliyejipamba tangu alfajiri hastahili kupewa uso wa majivu. Usilipe kabla hujaridhika.

4. Ulizia wino na karatasi kwanza. Mimi huagiza Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Jumlisha wino, karatasi na picha zitakazoharibika, ndipo upange bei yako.

5. Fikiria umeme. Printa ya wino hula umeme kidogo, hivyo UPS ndogo (kifaa chenye betri ya akiba) inaimudu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinachonyunyiza wino hubaki wazi na wino hukaukia humo. Izime kwa kitufe chake, usichomoe tu ukutani.

Mwaka wangu wa kwanza nilifunga studio wiki tatu za Krismasi. Niliporudi, njano haikutoka kabisa, na nikamaliza wino mwingi kwa kusafisha kichwa. Sasa kila Jumatatu na Alhamisi nachapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino, hata kama hakuna mteja, na jioni naifunika printa kwa kanga kwa sababu ya vumbi jekundu la barabarani.