Hua mwenye shingo iliyopinda haingii bandani

Mahindi yakianikwa uani mwezi Julai, hua na tetere hushuka kula pamoja na kuku, na hilo hatuwezi kulizuia lote. Ninaloandikia leo ni lile tunalolifanya kwa mikono yetu. Mtoto anaokota hua shambani, shingo imepinda hadi kichwa kinatazama juu, anamleta nyumbani, na mkubwa mmoja anasema: "Mweke na kuku mpaka apate nafuu." Baada ya wiki napigiwa simu kwamba kuku wanaanguka.

Ndugu mfugaji, shingo ile kwa kawaida haijavunjika. Ndege aliyevunjika shingo hafiki nyumbani akiwa hai. Kupinda shingo, kuzunguka pale pale, kudonoa punje na kuikosa, ni dalili za virusi vya jamii ya kideri (ugonjwa wa mdondo wa kuku, Newcastle) vinavyoshika hua na njiwa. Kuku huvipata kupitia kinyesi na majimaji ya mdomoni, na vikiambukizana kuku kwa kuku vinaweza kuzidi ukali. Tena baridi yetu ya Rungwe, Makete na Njombe huvitunza kinyesini muda mrefu kuliko joto la bonde la Usangu. Sasa wewe umemweka juu ya kichanja, kinyesi kinadondokea chomboni mwa maji!

Wapo wanaokimbilia oksitetra. Hiyo ni dawa ya bakteria, kideri ni virusi. Umepoteza hela na hua hajapona. Wengine wanambana mdomo na kummiminia maji kwa kijiko. Tundu la kupumulia la ndege liko nyuma ya ulimi tu, maji yakizidi yanaingia mapafuni na anakufa mkononi mwako.

Ukimkuta amepinda shingo, mwache alipo, wafungie mbwa na paka, umwite afisa mifugo wa kata. Ikiwa mtoto ameshamleta, vaa mfuko wa nailoni mkononi, mtie kwenye boksi lenye matundu, funika, weka kwenye jengo lisilo na kuku. Siyo kona ya banda! Usiku wa baridi mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko la mkaa usiingize, moshi wake utamuua yeye kabla yako. Kuku wape chakula kwanza, yeye mwisho, kisha osha mikono kwa sabuni na ubadilishe viatu. Akianza kudonoa bila kukosa, anaendelea vizuri.

Aliyejigonga tu kwenye dirisha au waya, shingo iko sawa, huyo ni kesi nyingine: boksi, giza, utulivu, saa 2, kisha mwachie pale pale alipookotwa. Kumfuga hapana. Ndege wa porini analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na anayemfuga bila kibali anajitafutia kesi.

Sasa nije kwa ambao hua ameshalala bandani. Hesabu siku 21 tangu siku alipotolewa. Siyo 3 kama wengi mnavyohesabu! Kuku aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa wiki mbili na zaidi, na ndani ya hizo siku tatu zenu ndipo mnapowakimbiza gulioni "kabla hawajafa". Hapo umekipeleka kideri kijiji cha pili kwa nauli yako. Ndani ya siku 21 hakuna kuuza, hakuna kuku wa zawadi kwa shemeji, hakuna kuazima jogoo. Ukileta ndege mwingine siku ya 10, hesabu inaanza upya. Vyombo na kichanja osha kwanza kwa sabuni mpaka kinyesi kitoke, ndipo upake jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, uache dakika 10. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi.

Chanjo ya kideri ya I-2 mnaijua: tone 1 jichoni, kila baada ya miezi 3, kifaranga na jogoo sawasawa. Ila kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Kuchanja siku hua anapoingia ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa mtoni.

Kuku akifa, usimchinje mwenzake wala kumtupa korongoni. Mfunge kwenye mifuko miwili, mpoze kwa barafu bila kumgandisha, afike maabara ya mifugo Iringa ndani ya saa 24 kupitia kwa afisa wako.

Na ukikuta ndege wa majini wengi wamekufa pamoja, kule kwenye ardhi oevu ya Ihefu au kwenye mashamba ya mpunga Mbarali, hapo usiguse hata mmoja. Januari 2017 wenzetu Uganda waliokota mizoga ufukweni mwa Ziwa Victoria, na ikathibitika ni mafua makali ya ndege. Piga simu ukiwa umesimama mbali.