Jinsi ya kuandika "in the eyes of" bila kupotosha maana

Nahariri maandishi ya Kiingereza hapa Mombasa: vipeperushi vya waongoza watalii, barua za kuomba kazi, ripoti za vikundi. Msemo ninaousahihisha sana ni "in the eyes of", yaani kwa mtazamo wa fulani.

Hatua ya 1. Jiulize: hili ni oni la mtu au ni jambo lililothibitika? Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo kubwa. Ukiandika "In the eyes of many, Fort Jesus was built in the 1590s", umeufanya ukweli uonekane kama dhana. Wareno walianza kuijenga ngome ile 1593 wakaimaliza 1596, apende asipende mtu. Lakini "In the eyes of many residents, Fort Jesus is the heart of Mombasa" imekaa sawa, kwani hilo ni oni na lina wenyewe.

Hatua ya 2. Wataje hao wenyewe. Wavuvi? Wenye maduka? Wageni? Neno "many" likiwa peke yake mimi hulipigia mstari, maana mara nyingi mwandishi amejificha nyuma yake. Kama oni ni lako, lichukue: andika "I think".

Hatua ya 3. Usirudie. "In the eyes of tourists, they think Old Town is quiet" ina mtazamo mara mbili. Futa "they think", sentensi itasimama vizuri.

Hatua ya 4. Kagua uwingi na ritifaa (alama hii: '). "Eyes" hubaki katika wingi hata kwa mtu mmoja, hata kwa sheria isiyo na macho: "in the eyes of the law". "In the public eye" ni msemo mwingine kabisa, wa mtu anayejulikana na kufuatiliwa na umma, kama gavana. Mteja mmoja ni "in the customer's eyes". Wakiwa wengi, "in the customers' eyes". "People" tayari ni wingi, kwa hiyo "in people's eyes", ritifaa kabla ya "s".

Hatua ya 5. Angalia kama unazungumzia kuona kwa macho hasa. Sisi husema mtu ameaibishwa machoni pa watu, tukimaanisha watu walikuwapo wakashuhudia. Hapo Kiingereza chataka "in front of people".