Gemu yako ya kwanza ya kutisha: nyumba moja, usiku mmoja, na mita ya LUKU

Wakuu, kama unafanya hii kitu kwa kujifurahisha tu ukitoka kazini basi sahau lile jumba la vyumba kumi na mbili lenye msitu nyuma na mazimwi saba, mi nilianza hivyo na miezi minane baadaye nilikuwa na milango tu, milango mizuri kabisa inafunguka na kufunga, gemu hakuna. Chukua nyumba moja na kitu kimoja ambacho mchezaji anakitaka.

Ntatumia mfano wangu. Uko peke yako kwa bibi, usiku, yuniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zimeisha. Tokeni, yaani namba unazobonyeza kwenye mita ili umeme urudi, ilishanunuliwa ila namba zimetapakaa humo ndani. Tokeni ina tarakimu 20 na huwa zinasomwa nne nne, kwa hiyo tayari una vikaratasi vitano vya kuficha na hata hujaumiza kichwa. Uzuri wake ni kwamba Mtanzania akiiona ile mita ukutani anajua afanye nini bila kuelekezwa, maana gemu ya kutisha ikishaanza kumfundisha mtu bonyeza hiki bonyeza kile, hofu imeshaondoka zake.

Fumbo lenyewe liko kwenye mpangilio, kila kikaratasi kina tarakimu zake nne na saa yake. Kikaratasi kimoja kimeandikwa kwa mkono "saa tatu usiku", kingine kimechapwa 01:00, kingine ni meseji ya saa 19:40, mchezaji azipange toka ya mapema mpaka ya mwisho. Wengi wanaitanguliza ile 01:00 kwa sababu ni moja bana, kumbe ndo saa saba usiku, inakuja mwishoni. Mita inalia pii, inakataa, na kila ikikataa kuna kitu kinasogea sebuleni.

Ila hapa kuwa makini, hofu na mafumbo ni wake wenza, hawakai nyumba moja kwa amani. Mtu akikwama dakika kumi anamzoea jini wako, anampita kama anavyopita meza. Kwa hiyo akikosea mara ya tatu msaidie bila kumwambia unamsaidia, kwangu mimi saa ya ukutani inagonga mara saba, kumkumbusha ile saa saba usiku. Na usimuue ue hovyo, akifa mara nne pale pale anaanza kucheka.

Kutengeneza tumia Godot, programu ya kuundia gemu, ni bure, leseni yake ni MIT na hawakudai asilimia hata ukiuza. Laptopu kama ni ya kizamani, unapofungua projekti mpya chagua Compatibility, ndo njia nyepesi ya kuchora picha. Fanya 2D, usijitese. Giza unalipata kwa nodi (kipande cha kujengea gemu ndani ya Godot) iitwayo CanvasModulate, weka rangi inayokaribia nyeusi ila isiwe nyeusi tii, halafu PointLight2D iweke kama mtoto wa nodi ya mchezaji ili imfuate, hiyo ndo tochi ya simu yake. Inahitaji picha ya duara linalofifia pembeni, ukisahau kuiweka hutaona mwanga wowote na utaitukana kompyuta bure kama nilivyofanya mimi. Kuta zizuie mwanga kwa LightOccluder2D na uwashe vivuli kwenye taa. Mtego wa kushtua ni Area2D, eneo lisiloonekana, mchezaji akiingia inatoa ishara ya body_entered, we unaiunganisha na sauti, basi.

Sauti sasa. Hapa ndo uweke muda wako, picha zikiwa mbaya watu wanasamehe. Rekodi kwa simu: ndala kwenye sakafu ya saruji, bati likipanuka na jua, tone linaloangukia kwenye ndoo, kitasa kibovu. Zipeleke Audacity, programu ya kuhariri sauti, uzipunguze kasi, ndala inageuka kitu ambacho hutaki kukijua. Halafu fikiria kilichotakiwa KISIWEPO. Umeme hakuna si ndio, basi friji lazima liwe kimya, na mchezaji akiwa na vikaratasi vitatu mkononi, mita bado inasoma sifuri, friji linaanza kunguruma. Sijachora zimwi hata moja na hiyo ndo sehemu watu wanavua hedifoni. Ukichukua sauti za Freesound, tovuti ya sauti za bure, soma leseni: CC0 tumia utakavyo, CC BY lazima umtaje mwenyewe, yenye NC usiitie kwenye gemu ya kuuza.

Ikishachezeka mkalishe mtu, kaa nyuma yake, na ufunge mdomo. Usimwambie hata "jaribu kule". Binamu yangu alienda moja kwa moja jikoni kwenye mshumaa ambao mi niliuchora kama pambo tu, akaubonyeza weee, "kaka mbona hauwaki?" Alikuwa sahihi, umeme ukikatika nani haendi kutafuta mshumaa, nikarudi nikaufanya uwake.

Kuitoa, itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, inatosha na hulipi kitu. Kwenye Godot fanya Export ya Web ili ichezeke kwenye brauza, faili kuu liite index.html, zipu vyote, pandisha. Ila weka kitufe cha "Anza" mwanzoni kabisa, kwa sababu brauza haziachii sauti mpaka mtu abonyeze kitu, mi watu wa mwanzo walicheza dakika nzima kimya wakadhani ndo staili yangu. Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, wanataka dola 100 kwa kila gemu na zinarudi ukishauza za dola 1,000, kwa kitu cha dakika kumi na tano cha bibi na LUKU mi hiyo hela nilinunulia maikrofoni.