Kuacha fegi baada ya kuacha unga: nilivyofanya mimi, mvuvi wa dagaa

Unga, yaani heroini, nimeacha, mwaka wa nne sasa. Fegi ina mwaka mmoja na miezi miwili tu, na ilichelewa kwa sababu ya ajabu: hakuna mtu aliyewahi kunitaka niiache. Soba hausi niliyokaa, nyumba ya watu wanaoacha unga na pombe, kila tukimaliza kikao cha jioni tuligawiwa fegi kama watoto wanavyopewa peremende baada ya sindano. "Hiyo waachieni, wametoka mbali." Nami nikaamini kwamba mtu akiacha vyote kwa mpigo atarudi kwenye kete za unga.

Ni kinyume chake. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walijumlisha majaribio yaliyofanyika kwa watu waliokuwa kwenye tiba ya uraibu. Waliosaidiwa kuacha sigara wakati huohuo walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kukaa mbali na pombe na dawa kwa muda mrefu. Na yule Bill Wilson, mmoja wa wawili walioanzisha Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwaka 1935? Hakugusa pombe tangu Desemba 1934. Mapafu yaliyoharibika kwa sigara ndiyo yaliyommaliza, Januari 1971.

Sisi tulioanzia kwenye kokteli, yaani unga uliochanganywa kwenye fegi, hatuhitaji hata utafiti. Unga wangu wa kwanza ulikuwa ndani ya fegi. Kiberiti kikiwashwa karibu nami, kichwa hakijui kama leo ni fegi tupu.

Basi nilianza na hesabu. Wiki nzima sikupunguza chochote, ila kila fegi niliipigia mstari kwenye kipande cha boksi, pembeni nikiandika nilipokuwa. Siku ya kazi zilifika kumi na nane. Karibu nusu nilizivuta ziwani, tukiwa tumewasha taa tunasubiri dagaa wakusanyike. Nyingine sita sikuwa na hamu nazo kabisa, mtu alininyooshea tu nikapokea. Dukani kwetu moja ni shilingi 200, kwa hiyo 3,600 kwa siku. Chumba changu ni 40,000 kwa mwezi. Piga mwenyewe.

Halafu chagua siku, na hapa nilikosea vibaya. Nilichagua mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa mnaelewa: mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, nikaona ndio muda wa kutulia niache. Kutulia wapi? Nilishinda mwaloni Igombe, hapa Mwanza, nikitazama watu wanacheza drafti, kila mkono una fegi. Nilidumu siku moja na nusu. Mara ya pili nikaanza siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zilipoingia na kazi ikarudi. Ziwani hakuna duka. Ukiingia jioni bila fegi, mpaka alfajiri huna pa kuinunua. Kama huvui, tafuta ziwa lako: zamu ndefu, safari, shamba kwa bibi, popote ambapo mikono ina kazi na duka liko mbali.

Mwenzangu wa mtumbwini anavuta. Sikumwomba aache, maana angeniona nimejifanya mlokole. Nilimwambia mambo mawili: usinipe hata nikikulilia, na kaa upande ambao upepo hauniletei moshi. Alicheka, lakini alishika neno. Usiku wa pili nilimlilia kweli, akanipa mgongo.

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Hasira, usingizi unakatika, unasahau hata ulichofuata chumbani. Aliyepita kwenye arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa, ataiona hii ni mtoto, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu unaidharau. Hamu yenyewe inakuja kama wimbi na kwa kawaida inapita ndani ya dakika chache. Panda feri ya Kamanga, ile ya kuvuka ziwa kutoka Mwanza mjini, hamu ikiwa imekushika: kabla hamjafika katikati ya maji imekwisha. Nilikuwa nachota maji ziwani nanawa uso (kichocho ni habari ya siku nyingine), navuta pumzi ndefu, napanga nyavu hata kama zimeshapangwa.

Mdomo nao unadai. Mama mdogo alinifungia matobolwa kwenye mfuko, vile viazi vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa. Ni vigumu, kipande kimoja unakitafuna mpaka hamu inachoka kukusubiri. Ugoro nilikataa, ingawa wazee waliniletea kwa nia njema. Ni tumbaku ileile, imebadilisha mlango tu.

Kahawa punguza kwa nusu, na chai ya rangi pia. Hili hakuna aliyeniambia. Moshi wa sigara unaufanya mwili uyeyushe kafeini haraka, ukiacha kuvuta inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilikuwa natetemeka na moyo unadunda nikidhani ni kukosa fegi, kumbe ni vikombe vinne vya kahawa. Kwa njia hiyohiyo baadhi ya dawa za akili, kama olanzapine na clozapine, zinaweza kupanda kwenye damu, kwa hiyo kama unazitumia mwambie daktari kabla ya siku yako. Uliye kwenye methadone, ile dawa ya kutibu uraibu wa unga, mwambie mhudumu pia, na usijipunguzie dozi mwenyewe eti unaacha vyote.

Ukipata bigijii ya nikotini kwenye famasi kubwa za mjini, usiitafune kama bigijii ya dukani. Tafuna taratibu mpaka ikuwashe, ibane shavuni, mwasho ukiisha tafuna tena, kama nusu saa hivi. Usinywe chai wala soda robo saa kabla. Anayewasha fegi ya kwanza ndani ya nusu saa tangu aamke anaanza na ya miligramu 4, mwingine 2. Plasta zake zipo pia, mfamasia akueleze. Mtu akikwambia hiyo ni kubadilisha uraibu, muulize kama bigijii ina moshi.

Wiki ya tatu niliteleza. Ilikuwa msibani, usiku, tumekaa nje kwenye moto, nikavuta tatu mfululizo. Fegi hazikunitisha. Kilichonitisha ni sauti iliyosema "si umeshaharibu", maana naifahamu, ndiyo iliyonirudisha kwenye kete mara mbili. Nilimpigia sponsa wangu, yule mkongwe wa kuacha anayenisimamia, saa nane usiku. Akauliza: umebakiwa na ngapi? Nikasema moja. Akasema itumbukize kwenye moto nisikie. Asubuhi nikaendelea na hesabu yangu, sikuanza moja.

Kuhusu kikohozi: kinaweza kuzidi ukishaacha, kwa sababu mapafu yanaanza kujisafisha. Ila sisi wa mageto ya kuvutia unga na wa mwaloni tusijidanganye. Kikipita wiki mbili, kapime makohozi, maana kifua kikuu kinawapenda wavutaji, na kipimo na dawa zake hospitali ya serikali ni bure. Mimi changu kilipofika siku ya kumi na tano nilienda. Nilikaa kwenye benchi la nje asubuhi nzima nikisubiri majibu, mfukoni nina matobolwa, na jamaa aliyekaa pembeni yangu akaniomba kiberiti. Nikampa kipande cha kiazi.