Kuchora mistari ya barabara kwa rangi ya moto bila mtu kuungua

Juzi nimeshinda na kijana aliyekabidhiwa kikosi chake cha kwanza cha kuchora mistari. Kuchora anajua sana. Alichokuwa hajakijua ni kwa nini nilimzuia asitie kwenye boila, yaani pipa la kuyeyushia rangi, mfuko wa rangi uliolala nje kwenye umande. Nikaona niyaandike haya, kwani wengi tunayajua baada ya mwenzetu kuungua.

Rangi hii ni unga wa utomvu, chokaa, rangi yenyewe na punje za kioo. Nyingi huyeyushwa hadi nyuzijoto 180 hivi mpaka 200, ikawa uji mzito. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka yakaondoka. Uji huu hunata papo hapo na kuendelea kuchoma.

Hatua ya 1: Mavazi

Pamba nzito au ngozi. Nailoni na poliesta marufuku, hata fulana ya ndani, maana huyeyuka zikagandana na ngozi. Suruali ishuke nje ya buti, na mikono ya ovaroli ifunike midomo ya glovu ili tone lisipate pa kuingilia. Miwani peke yake siikubali: anayetia mifuko avae ngao ya uso mzima.

Hatua ya 2: Magari

Alama za tahadhari na koni ziwekwe kabla mtu hajakanyaga lami.

Hatua ya 3: Gesi na maji ya kuokolea

Mitungi ya gesi ya kuwashia boila isimame wima, ifungwe isianguke. Kagua viungo kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama mabondeni, kwa hiyo usiegeshe kando ya mtaro.

Kabla ya kuwasha, hakikisha maji safi ya kupoza majeraha yapo, mengi, yamefunikwa na yako mbali na boila. Boila lenyewe likishika moto, huzimwa kwa mtungi wa unga mkavu; maji yasiukaribie moto huo.

Hatua ya 4: Kuyeyusha

Hapa ndipo nilipopoteza nusu siku, na ningeweza kupoteza mtu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Boila lilikuwa na mabaki ya jana, mfuniko haukukaa sawasawa. Nikawasha moto mkubwa ili tuwahi. Juu mabaki yalikuwa magumu kama jiwe, chini yakaanza kulainika. Tukasikia mlio kama wa mahindi yanayokaangwa, kisha ganda la juu likainuka na uji ukaruka kupitia ufa. Tone moja lilitua kwenye mkono wa ovaroli wa saidia fundi, sentimita chache kutoka kifundo chake. Tulizima gesi, tukarudi nyuma wote, tukangoja.

Yalikutana mambo mawili. Kwanza, maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700, kwa hiyo kikombe kimoja chini ya uji wa nyuzijoto 200 kinatosha kuurusha hewani. Pili, moto unatoka chini: kilichoyeyuka kinatanuka huku ganda gumu limekiziba juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua mfuniko boila likiwa baridi, uangalie kwa tochi. Ukikuta maji, yatoe yote na ukaushe kwa tambara. Kama kuna mabaki, anza na moto mdogo na uwe na subira, hata kama msimamizi anapiga simu. Usiwashe mapanga ya kukorogea kabla mzigo haujalainika mpaka juu. Mimi siku hizi namwaga chote kila jioni. Naona ni nafuu kuliko kuyeyusha ganda asubuhi.

Mifuko mipya ishikwe mkono kwanza: ukihisi ubaridi wa unyevu au unga umegandamana, iweke pembeni. Simama upande upepo unakotoka, mfuniko ukiwa kati ya uso wako na uji, uteremshe mfuko polepole. Usiurushe. Acha robo ya boila tupu.

Saa ya joto iliyo ubavuni mwa boila usiiamini peke yake. Mimi huzima mapanga, natumbukiza kipimajoto cha mkono chenye fimbo ndefu, nalinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko wa rangi. Moshi ukizidi au rangi nyeupe ikianza kuwa ya kahawia, umepitiliza. Punguza moto na watu wasogee.

Hatua ya 5: Kumimina kwenye mashine ya kuchorea mistari

Breki imefungwa, ndoo ya chuma ni kavu kabisa, hakuna aliyeinama chini ya bomba.

Hatua ya 6: Mtu akiungua

Mmiminie maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ukizipima kwa saa. Vua pete na saa ya mkononi mapema. Rangi iliyonata usiibandue, utaondoka na ngozi. Ikiwa imezunguka kidole kizima, ikishapoa ipasue kwa urefu, maana hukaza na kuzuia damu. Usipake mafuta. Hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Kufunga kazi

Koni zibaki mpaka mstari ugande. Zoa punje za kioo zilizomwagika, zinateleza vibaya kwa pikipiki. Boila likishapoa kabisa, funga mfuniko. Kama umepinda, funika turubai juu yake na uikaze kwa kamba, hata kama mbingu ni nyeupe.