Kitindamlo cha Stroberi na Krimu Bila Kuwasha Jiko

Ubora wa kitindamlo hiki huamuliwa sokoni, kwa sababu stroberi, tofauti na embe au ndizi, haziendelei kuiva baada ya kuchumwa. Iliyochumwa ikiwa bado nyeupe karibu na kikonyo itabaki na ukali wake hata ukiihifadhi siku kadhaa. Chagua zilizo nyekundu pande zote, zenye harufu inayosikika ukizisogelea, kisha geuza pakiti uangalie chini, maana zilizopondeka na zenye ukungu hukaa huko. Usivutiwe na ukubwa: ndogo iliyoiva vizuri ina ladha kuliko kubwa yenye moyo mweupe.

Kwa watu wanne utahitaji nusu kilo ya stroberi, vijiko 3 vikubwa vya sukari, maji ya nusu limau, mililita 250 za krimu nzito na gramu 100 za biskuti za kawaida.

Zioshe upesi kwa maji baridi zikiwa na vikonyo vyake, kwa kuwa ukivitoa mapema maji hupenya ndani na kuzimua ladha. Zikaushe kwa kitambaa safi, toa vikonyo, zikate vipande, uzinyunyizie sukari na limau, kisha uziache kwa dakika 30. Tafadhali usiruke hatua hii. Sukari huyavuta maji yaliyomo ndani ya tunda, nayo huiyeyusha sukari hiyo hiyo, hata bakuli likajaa sharubati nyekundu yenye harufu ya tunda lenyewe, ambayo hakuna sharubati ya chupa inayoweza kuifikia. Zikikaa saa nyingi, hata hivyo, hulegea mno.

Krimu iwe imetoka kwenye friji wakati huo huo, kwani ikiwa vuguvugu haiumuki. Ipige mpaka ianze kusimama, kisha uache, maana ukiendelea itakatika na kuelekea kuwa siagi. Asiyepata krimu atumie mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa usiku kucha ndani ya friji. Mimi huupendelea, kwa sababu uchachu wake huupunguza utamu wa sukari.

Vunja biskuti vipande vikubwa, uzipange kwenye glasi kwa tabaka pamoja na krimu na stroberi, umalizie kwa sharubati iliyobaki, na uandae mara moja kabla biskuti hazijalowa.